Daftari Halikuwaona Wasichana

Daftari la kulaza wagonjwa lina safu nyingi, lakini mwulize karani yeyote ni ipi inayomtesa, atakujibu bila kufikiri: sababu. Jina unatajiwa, umri unakadiriwa, mtaa unajulikana. Sababu ndiyo inayohitaji watu kukubaliana. Katika miaka yangu ya ukarani wa kumbukumbu, katika hospitali moja ya wilaya huku pwani ya Kenya, nimeona watu wengi wakikubaliana usiku wa manane mbele ya dirisha langu juu ya neno la kutiwa katika safu hiyo.

Sasa nimestaafu, nasikiliza redio. Kila mara mtangazaji anaposoma kwamba wasichana wa shule huwaza kujiua kuliko wavulana, ilhali wavulana ndio wanaokufa zaidi, husema utafiti mpya umegundua. Umegundua nini, ndugu yangu? Wasichana hao walikuwapo siku zote. Walikuwa wakipita dirishani pangu kwa jina lingine. Namna tulivyokuja kujua nani anawaza nini ni historia ya madaftari, na wanaoisimulia kwa kawaida ni watu ambao hawajawahi kushika daftari.

Nianze Paris, mji ninaoujua kwa kusoma tu. Mwaka 1897 Émile Durkheim alichapisha kitabu chake juu ya kujiua, na hadi leo mwanafunzi wa sosholojia hawezi kukikwepa. Sifa zote kapewa yeye. Mimi humfikiria mpwa wake, Marcel Mauss, kijana aliyekaa na kumbukumbu za watu wapatao 26,000 waliojiua, akazipanga kwa umri, kwa jinsia, kwa aliyeoa na asiyeoa, kwa mwenye watoto na asiye nao. Hiyo ni kazi ya karani hasa, na mgongo wake najua uliuma. Lakini kumbukumbu zile zilitoka kwenye ofisi ya takwimu ya wizara ya sheria. Maana yake kila aliyekuwamo alikwisha kufa, na kifo chake kilikuwa kimepita mikononi mwa serikali. Hesabu ikatoka kwamba kujiua ni kwa wanaume zaidi, na huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Kwa karatasi zile ilikuwa kweli tupu. Msichana aliyejaribu akaokolewa hakuwa na karatasi.

Miaka minne kabla ya kitabu hicho, mwaka 1893, Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu ilikutana Chicago ikapokea orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris. Orodha ile ndiyo babu wa vitabu vizito vya misimbo tulivyovitumia sisi hospitalini. Katika toleo la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990, kujidhuru kwa makusudi kumewekwa X60 hadi X84. Ajali zimetangulia. Kisha kuna fungu moja linaloanza Y10 na kuishia Y34, la matukio ambayo nia yake haikujulikana. Makarani wenye huruma duniani kote wanaijua vizuri njia ya kwenda Y10.

Vijana waliingia katika mjadala huu kupitia mlango wa shule. Aprili 1910, chama cha wachambuzi wa nafsi cha Vienna kilikaa jioni mbili kuzungumzia wanafunzi wa sekondari wanaojiua. Sigmund Freud alikuwapo, Alfred Adler pia. Wakati huo watu wa Austria na Ujerumani walikuwa wakiwatupia lawama walimu wakali na mitihani, kama tunavyofanya sisi kila matokeo yanapotoka. Freud aliona shule haiwezi kujisifu kwa kutomsukuma kijana kwenye kifo tu. Inapaswa kumpa hamu ya kuishi. Maneno mazuri. Ila mwanafunzi waliyekuwa wakimzungumzia alikuwa mvulana wa shule za wenye uwezo, mwenye Kilatini chake na ada yake. Wasichana walikuwa wachache mno katika shule zile, na binti aliyekuwa akifua nguo za mvulana huyo hakutajwa.

Huku kwetu daftari lilishikwa na serikali ya Mwingereza. Mathari ya Nairobi, iliyokuwa kambi ya kuwatenga wenye ndui, iligeuzwa nyumba ya wenye wazimu mwaka 1910, na mwaka 1924 ikapewa jina la hospitali ya akili. Mwaka 1938 ikakabidhiwa daktari J. C. Carothers, ambaye hakuwa na mafunzo rasmi ya magonjwa ya akili alipoipokea. Aliiongoza hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na humo alieleza kwamba sonona kwa Mwafrika ni nadra, kwa kuwa Mwafrika hajichukulii wajibu binafsi wala hajilaumu. Kitabu kilisomwa, kikanukuliwa, kikawa hoja ya wakubwa kwa miaka.

Sina haja ya kumtukana marehemu. Nasema tu kwamba aliyekaa Mathari aliwaona waliopelekwa Mathari. Nao walikuwa hasa watu waliovuruga utulivu: aliyepiga kelele sokoni, aliyempiga chifu, aliyeokotwa barabarani na askari. Msichana wa miaka 15 aliyekaa jikoni kwao, hali wala halali, hatiwi kwenye treni kupelekwa Nairobi. Anaitiwa mganga, au anaozwa.

Ghana kulikuwa na mwanamke, Margaret Field, daktari aliyekuwa pia mwanaanthropolojia. Yeye hakuweka kiti chake hospitalini. Alikiweka vijijini kwenye madhabahu ambako watu walikwenda kutafuta nusura, na katika kitabu alichotoa mwaka 1960 alieleza wanawake aliowakuta huko, wengi, wamezama katika sonona na wanajishtaki wenyewe kwa uchawi. Watu ambao Carothers alisema hawajilaumu! Bara moja, miaka saba tu kati ya kitabu na kitabu.

Mwaka huohuo wa 1960 Paul Bohannan alihariri kitabu juu ya mauaji na kujiua Afrika, chenye sura za Wasoga, Wagisu na Wanyoro wa Uganda, na za Wajaluo na Waluhya wa Kenya. Kilivunja dhana kwamba Mwafrika hajiui. Hilo nakipa. Lakini waandishi wake walitegemea sana majalada ya mahakama na ya uchunguzi wa vifo, kama Mauss. Tena tumerudi kwa waliokwisha kufa, na kwa jambo lililomfikia hakimu. Jalada la mahakama halina pa kumweka mtoto aliyeokolewa na shangazi yake.

Na huyo shangazi sasa nimweleze, maana bila yeye sheria haieleweki.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni ya mwaka 1930. Kifungu chake cha 226 kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa dogo, na kosa dogo lisilopangiwa adhabu yake huweza kumfunga mtu hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Tanganyika ilipata kanuni yake mwaka huohuo, na huko ni kifungu cha 217. Umri wa kuweza kushtakiwa Kenya ulikuwa miaka minane, ingawa kwa aliye chini ya miaka 12 ilibidi kwanza ithibitishwe kwamba alijua anachofanya. Kwa hiyo msichana wa miaka 13 au 14 kisheria alikuwa mshukiwa kabla hajawa mgonjwa. Waingereza wenyewe waliifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961. Desemba ya mwaka huohuo Tanganyika ikajitawala, na sisi Kenya miaka miwili baadaye, tukairithi sheria ambayo mwenyewe ameshaitupa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, usiku, mvua ya masika. Walimleta msichana wa darasa la nane kwenye gari la jirani. Nesi alimpokea, daktari wa zamu akaitwa, mlango ukafungwa. Baada ya muda mrefu shangazi yake akaja dirishani, leso ya kichwani imelowa, akasimama akilitazama daftari langu chini juu. Hakujua kusoma, lakini alijua safu ile iko wapi.

"Mwanangu, hapo umeandika nini?"

"Bado, shangazi. Namngoja daktari."

"Daktari keshasema ataishi. Andika ajali."

Nilimwambia siandiki bila neno la daktari. Hakukasirika. Akainama, akasema polepole, "Kesho polisi akija kusimama kitandani, amwulize mtoto swali mbele ya wodi nzima, wewe utaweza kumtazama? Na baba yake utaweza kumtazama?"

Daktari alitoka akifuta mikono. Alimwona mama yule, akaniona mimi. Hakusema neno, alitikisa kichwa tu kuelekea daftari. Nikachukua kalamu nikaandika: ajali ya nyumbani.

Niliandika hivyo mara nyingi baadaye, na sijutii. Lakini karani anajua kila neno linakwenda wapi. Mwisho wa mwezi daftari linajumlishwa, jumla inapelekwa makao makuu, huko inajumlishwa na nyingine, na mwisho mtu mwenye tai anasoma kwamba katika wilaya yetu watoto hawajaribu kujiua. Msichana mwenyewe aliruhusiwa siku ya tatu. Hakuna aliyekaa naye kumwuliza alilala vipi, kwa sababu mtu wa ajali ya nyumbani haulizwi hayo. Anapewa vidonge vyake, anaambiwa awe mwangalifu.

Wavulana walikuja kwa njia nyingine. Wengi niliowaandika waliletwa na polisi, wakaenda moja kwa moja mochari, na majina yao yalikuwa tayari kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Hakuna shangazi anayeweza kubembeleza OB. Hata hivyo si wote waliofika kwetu. Aliyetoka nyumba ya Kiislamu alizikwa kabla ya alasiri, na familia ikasema ni homa. Ukiyachukua madaftari yetu na vitabu vya polisi ukavisoma pamoja utaapa kwamba balaa hili ni la wavulana na la wanaume vijana.

Kuna jambo sijaliona likiandikwa popote nami nililiona kila mwaka. Sitara ilikuwa ya wenye jamaa. Binti wa kazi aliyetolewa bara akiwa na miaka 14, analea watoto wa watu Nyali au Malindi, akiletwa usiku aliletwa na mwajiri mwenye haraka, na mwajiri hakuwa na haja ya kumfichia. Alitaka ijulikane kwamba si yeye. Kwa hiyo binti huyo aliandikwa kama alivyo, na polisi walikuja. Mtoto wa mtaani vilevile. Basi hata kidogo kilichoandikwa kwa ukweli kilionyesha kwamba wanaojaribu ni mayaya na chokoraa, na nilisikia wakubwa wa hospitali wakisema hivyo mkutanoni kwa kujiamini kabisa: hili ni tatizo la watoto wasio na malezi. Malezi! Wenye malezi walikuwa wamejaa katika safu ya ajali.

Wamarekani nao walijidanganya kwa namna yao. Kwa miaka mingi waliamini kujiua kwa watoto ni jambo la Wazungu, kwamba mtoto Mweusi ana kanisa na ukoo wa kumkinga. Mwaka 2018 watafiti wakachapisha kwamba kati ya watoto wa miaka 5 hadi 12 kiwango cha Weusi kilikuwa karibu mara mbili ya cha Weupe, ingawa kwa wa miaka 13 hadi 17 hali iligeuka. Mwaka uliofuata wabunge Weusi wa Congress wakatoa ripoti ya kupiga kengele ya hatari. Carothers angeshangaa, au pengine asingeshangaa.

Lakini Wamarekani haohao ndio walioleta karatasi iliyobadilisha mambo. Mwaka 1991 kituo chao cha kudhibiti magonjwa kiliwapa wanafunzi wa sekondari wa nchi nzima hojaji juu ya mienendo ya hatari, na humo mkawa na swali la wazi: katika miezi 12 iliyopita, umewahi kufikiria kwa dhati kujiua? Kati ya kila wanafunzi 100, 29 walisema ndiyo. Ukiwatenganisha, wasichana walikuwa asilimia 37.2, wavulana 20.8. Mwaka 2021 swali hilohilo lilileta wasichana 30 kwa 100 na wavulana 14. Na katika vifo mambo ni kinyume: huko wanaume hufa kwa kujiua karibu mara nne ya wanawake. Wataalamu huiita hali hiyo kitendawili cha jinsia, nao wanaeleza kwamba wavulana huchukua njia zisizo na nafasi ya kuokolewa, na huomba msaada mara chache zaidi. Nakubali yote mawili. Wavulana niliowalaza wakiwa hai kwa jambo hili ni wachache mno.

Kutoka hojaji hiyo Shirika la Afya Duniani likatengeneza ya kwake kwa ajili ya shule za dunia. Kenya na Uganda tulikuwa kati ya nchi za mwanzo, mwaka 2003. Dar es Salaam ikafuata 2006. Utaratibu wake ningependa kila mzazi aujue. Darasa huchaguliwa kwa bahati nasibu. Mtoto haandiki jina. Anapewa karatasi na penseli, anatia alama peke yake, karatasi inakusanywa. Hakuna daktari, hakuna shangazi, hakuna polisi, hakuna mimi. Ni mara ya kwanza katika historia yetu mtoto wa kike aliulizwa yeye mwenyewe, akajibu yeye mwenyewe. Majibu ya hojaji hizi yalipokusanywa kutoka nchi 59 za kipato cha chini na cha kati, yakachapishwa mwaka 2019, kiasi cha watoto 17 katika kila 100 walisema wamewahi kuwaza jambo hilo kwa dhati katika mwaka mmoja. Na katika nchi kadhaa za Afrika pengo la wavulana na wasichana likaonekana dogo kuliko la Marekani. Nadhani mvulana wa Kiafrika naye ana mengi ya kusema akipewa penseli na akaachwa peke yake.

Hata hivyo karatasi ya shule humkuta aliye shuleni. Binti wa kazi wa Nyali hayumo. Mvulana aliyeacha shule akawa anavua na wajomba zake hayumo, wala aliyeolewa akiwa darasa la saba. Ndiyo maana nilifurahi uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana balehe wa Kenya, uliotolewa mwaka 2022, ulipokwenda majumbani badala ya madarasani, ukazungumza na wa miaka 10 hadi 17 na walezi wao. Asilimia 44.3 walikutwa na tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliopita, na asilimia 12.2 walifikia kiwango cha ugonjwa. Ila humo nako mlezi naye aliulizwa, na mimi nawajua walezi.

Mwaka huohuo wa 2022 Sheria ya Watoto ilipandisha umri wa kushtakiwa hadi miaka 12. Kisha tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu Nairobi akatamka kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Waliopeleka kesi ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, na mama mmoja mtetezi wa wagonjwa, Charity Muturi. Miaka 95 ilikuwa karibu kutimia tangu kifungu kile kiandikwe. Kijana aliyechukua dirisha langu alinipigia simu kuniuliza, "Mama, sasa tunaandikaje?" Nikamwambia aandike lililotokea, na chini yake aandike jina la mshauri atakayemwona mtoto kabla hajaruhusiwa. Kama hospitali haina mshauri, aache nafasi tupu, ionekane.

Msitegemee kwamba madaftari yatanyooka kwa mwaka mmoja. Hukumu imemwondoa polisi kitandani, aibu bado imekaa pale pale, na takwimu zetu zitapanda. Zikipanda gazeti litaandika kwamba vijana wa Kenya wameharibika. Huenda wengine wana hali mbaya kuliko zamani, sibishi, lakini sehemu ya ongezeko hilo itakuwa wale wa ajali ya nyumbani wanaotoka mafichoni. Msomaji akumbuke hivyo kabla ya kulaumu simu na nyimbo.

Tanzania kifungu cha 217 kingali kwenye vitabu. Wabunge wa Dodoma wanaweza kukiondoa kwa kikao kimoja wakitaka, na kila karani wa wodi kati ya Tanga na Mtwara atawaombea dua. Na wewe uliye na mtoto aliyebadilika, asiyekula, anayegawa vitu vyake au anayesema angekuwa hayupo, mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Watafiti wamelichunguza hilo na si kweli kwamba kuuliza kunamtia jambo kichwani. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Simu ya watoto 116 hupigwa bure Kenya na Tanzania.